Mazoezi ya Sauti kwa Anayeanza Kuimba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa tena na tena na watu wanaoanza kuimba, wawe wa kwaya, wa bendi au wa kuimba peke yao chumbani. Yanaanzia kwenye msingi na kuishia kwenye hali za pekee. Jibu likigusa swali jingine, nimetaja namba ya swali hilo badala ya kurudia.

## Kabla ya kuanza

1. Je, kuimba kunafundishika, au lazima mtu azaliwe na kipaji?

Kunafundishika. Vipaji vinatofautiana, ndiyo, lakini sauti hutolewa na misuli, na misuli hujifunza. Wengi walioambiwa utotoni kwamba hawajui kuimba hawakuwahi kupewa nafasi ya kuisikiliza noti vizuri kabla ya kutakiwa waiimbe. Huniuma kila ninapomwona mtu mzima amebeba neno hilo miaka thelathini.

Wapo watu wachache ambao ubongo wao hautofautishi noti ya juu na ya chini, na baadhi yao husikia muziki kama makelele tu. Lakini kama unautambua wimbo uupendao hata ukipigwa bila maneno, na unashtuka mwimbaji akikosea, masikio yako ni mazima.

2. Sauti inatoka wapi hasa?

Hewa hupanda kutoka mapafuni na kupita kwenye kikoromeo, kile kitu kigumu mbele ya shingo kinachopanda na kushuka unapomeza. Ndani yake zimo nyuzi za sauti. Jina hilo linapotosha kidogo, kwa sababu si nyuzi kama za gitaa. Ni mikunjo miwili ya nyama laini, na kwa mtu mzima ina urefu wa kati ya sentimita moja na mbili na nusu hivi. Hewa ikipita, mikunjo hiyo hufunguka na kujifunga haraka mno. Ile noti *la* (A ya kinanda) inayotumika kupatanisha ala za muziki ni mara 440 kwa sekunde. Mwanamume akiiimba oktavo moja chini, yaani kwenye *la* inayofuata kuelekea chini, ni mara 220. Mlio unaotoka hapo ni mdogo na mkavu. Koo, kinywa na pua ndivyo vinavyoupa ukubwa na rangi.

Mwaka 1854 mwalimu wa kuimba Manuel García aliziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi, kwa kutumia vioo vidogo na mwanga wa jua. Wewe hutaziona wala kuzigusa unapoimba. Ndiyo maana mazoezi mengi hapa chini hayakwambii “fanya nyuzi hivi”. Yanakupa mlio fulani wa kutoa, na ukiutoa vizuri nyuzi zinajipanga zenyewe.

3. Nahitaji vifaa gani?

Kioo, maji ya kunywa, mrija, simu ya kujirekodi, na kitu cha kukupa noti. Kinanda ni kizuri, lakini programu ya kinanda kwenye simu inatosha kabisa.

4. Nifanye mazoezi kwa muda gani kila siku?

Mwezi wa kwanza, dakika 10 hadi 15, mara moja au mbili kwa siku. Dakika 15 za kila siku zinakujenga kuliko saa mbili za Jumamosi, kwa sababu nyuzi zikitumika mfululizo bila mazoea huvimba, na ukiendelea kuimba zikiwa zimevimba unajifunza kukaza shingo ili kufidia. Tabia hiyo ni ngumu kuiondoa baadaye. Baada ya mwezi unaweza kufika nusu saa, ukiweka mapumziko mafupi katikati.

5. Nisimame au nikae?

Simama. Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yasikazwe, mabega yashuke, kidevu kisiinuke. Wengi huinua kidevu wakitafuta noti ya juu, kana kwamba noti iko darini, na papo hapo shingo inakaza. Ukilazimika kukaa, kaa ukingoni mwa kiti na uti wa mgongo uwe umenyooka.

## Pumzi

6. Naambiwa “imba kwa tumbo”. Maana yake nini?

Hewa haiingii tumboni. Inaingia mapafuni tu. Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Unapovuta pumzi kiwambo hushuka, na vilivyo tumboni vikasukumwa mbele na pembeni. Kwa hiyo tumbo kutoka nje ni *dalili* kwamba umevuta pumzi ya kina. Kulitunisha kwa nguvu hakukuongezei hewa.

Jaribu hivi: lala chali, weka kitabu juu ya tumbo, pumua kawaida. Kitabu kinapanda pumzi ikiingia na kushuka ikitoka, na mabega hayafanyi kazi yoyote. Ndivyo unavyopumua usingizini. Kaa hapo dakika mbili mpaka mwili uutambue mwendo huo, kisha simama na uutafute tena, mkono mmoja ukiwa kwenye mbavu za chini.

Kazi ya mwimbaji iko zaidi kwenye kuitoa pumzi. Ukimaliza kuvuta, mbavu zinataka kuanguka mara moja na hewa yote itoke kwa mkupuo. Wewe ziache zibaki zimetanuka, zirudi polepole kadiri mstari unavyokwenda. Hapo ndipo penye ule “uimara” ambao walimu huutaja, na unausikia zaidi ubavuni na kiunoni kuliko kitovuni.

7. Zoezi la kwanza la pumzi ni lipi?

Ni la “sss”. Vuta pumzi kimyakimya kwa hesabu ya 4, kisha itoe kwa “sss” nyembamba kwa hesabu ya 10. Rudia mara tano. Wiki ijayo fika 15, kisha 20. Usishindane na hesabu. Sikiliza kama mlio ni sawasawa. “Sss” inayoanza kwa kishindo na kumalizikia kwa kunong’ona inaonyesha kwamba mbavu zimeporomoka mapema. Usijikamue mpaka tone la mwisho la hewa, na ukihisi kizunguzungu kaa chini upumue kawaida.

Ukishalizoea, badilisha “sss” iwe “zzz”. Sasa nyuzi zinatetema na hewa inatumika kwa njia ileile. Kutoka hapo hadi kuimba ni hatua moja tu.

8. Kwa nini naishiwa pumzi katikati ya mstari?

Mara nyingi hewa ulikuwa nayo ila umeivujisha. Nyuzi zisipokutana vizuri sauti huwa na upepo ndani yake, na upepo huo ndio pumzi yako inayopotea. Mazoezi ya swali la 10 na la 13 huzikutanisha. Sababu nyingine ni kuvuta hewa nyingi mno, mpaka kifua kinabana na unatamani kuitoa kabla hata ya kuimba.

Usisahau pia kupanga mahali pa kupumua. Soma maneno ya wimbo kama mtu anayezungumza, uone maana inapokatika, utie alama hapo kwa kalamu. Pumzi inayokata neno vipande viwili humchosha msikilizaji kuliko noti iliyokosewa.

## Mazoezi yenyewe

9. Nianze na zoezi lipi, nimalizie na lipi?

Anza na pumzi dakika mbili, kisha kuvumisha (10), kutetemesha midomo (11), “ng’” (13), irabu (14), halafu noti tano (15). Ndipo uguse wimbo. Zote zianzie katikati ya sauti yako, pale unapozungumzia. Noti za juu sana na za chini sana zije mwishoni, mwili ukiwa umepata joto.

10. Kuvumisha kunafanywaje?

Funga midomo bila kuikaza, meno yaachane ndani, ulimi ulale. Sema “mmm” kama mtu anayeitikia kwa kuridhika. Utasikia mtetemo midomoni na puani. Ukiusikia kooni tu, punguza nguvu. Shikilia noti moja kwa sekunde tano, kisha panda na kushuka noti tatu: do, re, mi, re, do.

Kisha fungua: mmm-a, mmm-o, mmm-i. Ule mtetemo wa midomoni usipotee mdomo unapofunguka. Hilo ndilo lengo lote la zoezi.

11. Midomo yangu haitetemeki hata nikijaribu. Nifanyeje?

Zoezi hili ni lile “brrr” ambalo watoto hulitoa wakiendesha gari la kuchezea. Midomo ikikataa, bonyeza mashavu kidogo kwa vidole viwili ukiyasukuma mbele, na utoe hewa mfululizo badala ya kupuliza kwa vishindo. Ikishindikana kabisa, tumia “rrr” ya ncha ya ulimi. Ukishaipata, telezesha sauti kutoka chini hadi juu na kurudi kama king’ora. Mtetemo ukikatika, pumzi imekatika, na uzuri wa zoezi hili ni kwamba haliwezi kukuficha jambo hilo.

12. Mrija unasaidia nini?

Sauti ikipita kwenye tundu dogo, sehemu ya shinikizo la hewa hurudi nyuma hadi kwenye nyuzi, zikatetema bila kugongana kwa nguvu. Weka ncha ya mrija sentimita mbili au tatu ndani ya glasi yenye maji nusu, uimbe “u” kupitia mrija huo. Mapovu yatoke mfululizo, mashavu yalegee, hewa isipite puani. Panda na ushuke kama king’ora, dakika mbili au tatu. Ni zoezi ninalolipenda kuliko yote kwa siku ambayo sauti imechoka.

13. Kwa nini walimu husisitiza mlio wa “ng’”?

Kwa sababu unafunga njia ya kinywa na kuipeleka sauti yote puani, nyuzi zikakutana kwa upole bila kusukumwa. Wageni wengi hujifunza mlio huu kwa taabu. Sisi tunao tangu utotoni, mwanzoni mwa *ng’ombe* na *ng’aa*.

Sema “ng’” kisha ushikilie bila kwenda kwenye irabu. Sehemu ya nyuma ya ulimi imegusa kaakaa laini. Iimbe kwenye noti nyepesi ya katikati, ishikilie sekunde tatu, halafu achia: *ng’ng’ng’aaa*. Ulimi ushuke, kaakaa lipande kama mwanzo wa mwayo, taya lisiruke. Ikiwa “a” inatoka imezama kooni, rudi kwenye “ng’” uanze upya. Ikitoka mbele, imeng’aa, umeipata. Fanya vivyo hivyo na *ng’e*, *ng’o*, *ng’i*, *ng’u*, ukipanda nusu noti kila mara, yaani hadi kibonyezo kinachofuata cha kinanda, kiwe cheupe au cheusi.

14. Nifanye vipi mazoezi ya irabu?

Hapa Kiswahili kimetupendelea. Tuna irabu tano tu, hakuna hata moja inayogeuka njiani, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Mwimbaji huimbia kwenye irabu. Konsonanti humsaidia kugawanya maneno. Kwa hiyo ukizisafisha tano hizo, umekwisha kusafisha sehemu kubwa ya kila wimbo wa Kiswahili utakaouimba.

Imba kwenye noti moja, bila kukata pumzi: *mi-me-ma-mo-mu*. Tazama kioo. Katika “i” midomo isivutwe pembeni kama tabasamu la picha. Katika “a” taya lishuke chini badala ya kwenda mbele. Katika “u” midomo iwe duara, lakini ndani ya kinywa pabaki wazi. Sikiliza kama sauti inabadilika ukubwa kutoka irabu moja hadi nyingine. Kwa wengi “a” hupiga kelele na “u” hujificha. Mpe “u” nafasi, mpunguzie “a”.

Angalizo moja: *m* ya *mtu* na *mke* ni silabi kamili nayo inastahili noti yake. Waimbaji wanaoanza huimeza, na mstari ukapoteza pigo.

15. Zoezi la noti tano ni lipi?

Do-re-mi-fa-so-fa-mi-re-do, kwa pumzi moja, kisha panda nusu noti na urudie. Iimbe kwanza kwa “brrr”, halafu kwa silabi. Kila silabi ina kazi yake: *gu-gu-gu* hukizuia kikoromeo kisipande, *nya-nya-nya* huipa sauti ukali inapokuwa na upepo mwingi, *ma-ma-ma* hulegeza taya. Chagua kulingana na tatizo lako. Huna haja ya kuzifanya zote siku moja. Mara ya mwisho iimbe kwa mkato, *ha-ha-ha-ha-ha*, kila noti ikipata msukumo mdogo wa tumbo.

## Kushika noti

16. Nitajuaje kama niko kwenye noti sahihi?

Piga noti moja. *Nyamaza na uisikilize*, isikike kichwani hata baada ya kinanda kunyamaza. Ndipo uivumishe. Kisha piga tena na ulinganishe. Wengi hukosea kwa sababu huanza kuimba kabla ya noti kuisha kupigwa.

Noti mbili zikikaribiana bila kulingana, utasikia mawimbi kati yake, kama zinagombana. Telezesha sauti taratibu mpaka mawimbi yatulie. Programu za simu za kupima noti zinasaidia kuthibitisha, lakini zitumie baada ya kusikiliza. Jicho likizoea kuongoza, sikio linalala. Ukianza juu na kuteremka kidogo kidogo kadiri wimbo unavyokwenda, tatizo kwa kawaida ni pumzi (swali la 7).

17. Mbona sauti yangu kwenye rekodi si yangu?

Ndiyo yako. Unapoimba unajisikia kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa ya fuvu, na mifupa huongeza uzito wa chini. Rekodi inachukua ya hewani peke yake, ile ambayo wengine wameisikia siku zote. Jirekodi kila wiki, zoezi lilelile; baada ya rekodi tatu au nne mshtuko unaisha.

## Juu na chini

18. Nikipanda juu sauti inakatika au inageuka. Kwa nini?

Sauti ya chini, ya kifua, hutolewa na nyuzi nene na fupi. Ya juu, ya kichwa, na nyuzi zilizonyooshwa zikawa nyembamba. Kati yake kuna daraja. Mwimbaji anayeanza hubeba uzito wa kifua hadi juu, misuli ikashindwa, sauti ikavunjika.

Dawa yake ni kushuka kutoka juu. Anza na “u” nyepesi ya kichwa, hata ikiwa dhaifu kama ya mtoto, uteremke polepole hadi chini bila kuruka popote. Kila siku. King’ora cha swali la 11 kinafanya kazi ileile. Noti za juu zipunguzie nguvu, zifungulie kinywa. Itachukua miezi, na hapa sina njia ya mkato ya kukupa.

19. Mimi ni soprano, alto, teno au besi?

Hizo ni sauti nne za kwaya, kuanzia ya juu kabisa hadi ya chini kabisa. Usiharakishe. Miezi ya mwanzo sauti hupanuka, na aliyejiita besi kwa sababu tu hafiki juu anaweza kuwa teno asiyejua kupanda. Tazama noti unazoziimba kwa *raha*, siyo ile ya mwisho unayoifikia kwa kujikamua. Kwaya ikikupanga mahali na koo likachoka kila mazoezi, omba kubadilishwa.

## Afya ya koo

20. Koo linauma baada ya mazoezi. Ni kawaida?

Hapana. Uchovu kidogo wa misuli ya mbavu na tumbo ni kawaida. Maumivu, mwasho au ukavu wa koo si kawaida. Acha, pumzika, kesho punguza sauti na ushuke noti chache. Usizime maumivu kwa dawa ya ganzi ya koo ili uendelee kuimba, maana utakuwa umezima onyo tu. Na ukihisi kitu kooni, meza mate au kunywa maji badala ya kujikohoza kwa nguvu. Kule kujikohoza huzigongesha nyuzi.

21. Maji, asali, tangawizi: vinafika kwenye nyuzi?

Havifiki. Unapomeza, njia ya hewa hufungwa, la sivyo ungepaliwa. Maji hulainisha nyuzi baada ya kuzunguka mwilini, kwa hiyo kunywa mapema na kwa siku nzima. Glasi ya dakika ya mwisho haitoshi. Asali na tangawizi hutuliza koo la juu, na hilo nalo lina faida yake. Kinachofika kwenye nyuzi moja kwa moja ni unachovuta: mvuke wa maji huzifariji, moshi huziumiza. Ukiwa na kiungulia, usile karibu na kulala, kwa sababu asidi inaweza kupanda usiku na kuziunguza.

22. Sauti imekauka. Nifanye mazoezi au ninyamaze?

Nyamaza siku moja au mbili. Usinong’one, wengi wanaponong’ona hukaza koo kuliko wanapozungumza. Ukilazimika, sema kwa sauti ndogo ya kawaida. Mafua yasiyogusa sauti hayakatazi mazoezi mepesi ya mrija. Lakini ukavu ukipita wiki tatu, au sauti ikipotea ghafla katikati ya kuimba, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo kabla ya kumrudia mwalimu wa kuimba.

## Hali za pekee

23. Mwanangu anabalehe na sauti inavunjika. Aache kuimba?

Asiache, apunguze. Kikoromeo cha mvulana hukua haraka na sauti hushuka kwa takriban oktavo nzima, kwa hiyo noti alizozimudu mwezi uliopita huenda leo hazipo. Aimbe pale palipo na raha, hata kama ni noti tano tu, na asilazimishwe kubaki kwenye sauti ya kwanza kwa kuwa kwaya inamhitaji. Sauti ya wasichana nayo hushuka, ila kidogo, na wakati huo inaweza kuwa na upepo. Wote wawili wanahitaji kuambiwa kwamba hawajaharibika.

24. Asubuhi sauti yangu ni nzito. Nisubiri?

Nyuzi huamka zikiwa zimevimba kidogo. Oga maji ya moto, zungumza, kunywa maji, na uanze saa moja au mbili baada ya kuamka. Ukilazimika kuimba mapema, zidisha dakika za mrija.

25. Nyumba ina watu, siwezi kupiga kelele.

Pumzi, kuvumisha na mrija havivuki ukuta. Vinatosha kwa siku nne za wiki. Usiimbe nyimbo nzima kwa sauti ya kujibana, kwani koo hujifunza kujibana huko.

26. Nina miaka zaidi ya hamsini. Nimechelewa?

La. Misuli ya sauti hupungua na umri, pumzi pia, na mtetemo huweza kuwa mpana. Mazoezi ya swali la 7 na la 12 ndiyo hasa yanayosaidia hapo. Panda polepole zaidi, pumzika zaidi kati ya zoezi na zoezi.

27. Nitaona mabadiliko lini?

Pumzi hutulia ndani ya wiki mbili au tatu. Kushika noti huimarika baada ya mwezi mmoja au miwili ya kusikiliza kwa makini. Daraja la swali la 18 ndilo huchelewa, mara nyingi nusu mwaka na zaidi. Usijipime kwa unavyojisikia siku moja. Fungua rekodi ya wiki ya kwanza uilinganishe na ya leo.